Ukungu wa Filamu Una Kwao

Filamu ya picha nyeusi na nyeupe ikisafishwa vibaya, au ikiwa imezeeka, inatoka na utando wa kijivu hata sehemu ambazo hazikupigwa na mwanga kabisa. Kwa Kiswahili tunauita ukungu. Wale wa kwetu Kongo waliojifunza kazi kwa Kifaransa wanasema vwali, yaani shela, kile kitambaa anachofunikwa bibi harusi. Majina yote mawili yanasema kitu kimoja: uso upo, ila kuna kitu mbele yake.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu, na tangu mwaka jana tuna darasa dogo la picha za filamu. Kamera mbili za zamani, mfuko mweusi wa kufungulia filamu, chombo kimoja cha kusafishia, basi. Mwalimu wetu ni papa mmoja aliyekuwa na studio Uvira mpaka Oktoba 1996. Alipokimbia alibeba roli mbili alizokuwa amekwisha kupiga lakini hajazisafisha. Zimekaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda miaka yote hii. Ndani mna watu. Wengine wako hapa hapa, wana wajukuu. Wengine hawakuvuka ziwa. Filamu ya umri huo, kwenye joto la namna hii, lazima ina ukungu, na ukishaisafisha umeisafisha, hakuna kurudia. Kwa hiyo kabla ya kuzigusa tulitaka kujua ukungu huu unatoka wapi, na waliotutangulia waliudhibiti vipi. Nilianza kusoma nikitafuta kemia. Nikakuta historia, tena kipande chake kikubwa kinapita Katanga.

Kwanza kazi yenyewe, kwa wasioijua. Filamu ni plastiki iliyopakwa jelatini, na jelatini inapikwa kutoka mifupa na ngozi za ng'ombe. Ndani ya jelatini mna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Chembe ikipigwa na mwanga inapata alama ambayo jicho haliioni. Dawa ya kwanza, ambayo papa anaiita revelateri, inazitafuta zile zenye alama na kuzigeuza kuwa fedha halisi, nyeusi. Dawa ya pili, fiksateri, inaziondoa zile ambazo hazikuguswa. Shida ni kwamba dawa ya kwanza haina macho. Ukiipa muda mrefu, au ikiwa ya moto, au chembe zenyewe zikiwa zimechoka kwa uzee, inaanza kugeuza hata zile ambazo hazikuona mwanga. Huo ndio ukungu. (Na hao ng'ombe si mchezo: miaka ya 1920 Samuel Sheppard wa kampuni ya Kodak aligundua kwamba ukali wa filamu ulitegemea salfa kidogo iliyokuwa ndani ya jelatini, salfa iliyotoka kwenye mimea jamii ya haradali ambayo ng'ombe walikuwa wamekula. Mnyama amekula jani malishoni, picha inabadilika studio.)

Mpaka mwisho wa karne ya 19 wapiga picha walisema tu kwamba negativu hii ni nzito, ile ni nyepesi, kama mama anavyosema uji mzito au uji mwepesi. Uzito ni ule weusi wa fedha, yaani unazuia mwanga kiasi gani. Waliokuja kuupima kwa namba walikuwa wawili, wa mji wa Widnes kaskazini-magharibi mwa Uingereza: Ferdinand Hurter, mkemia mzaliwa wa Uswisi, na Vero Charles Driffield, injinia. Picha haikuwa ajira yao. Walifanya kazi kwenye kiwanda cha magadi, na majaribio ya picha yalikuwa ya muda wao wenyewe, kwa vifaa vya kujiundia. Taa yao ya kupimia ilikuwa mshumaa. Gurudumu la kugawa mwanga kwa vipimo waliliunda kutoka kwenye cherehani ya zamani. Vijana wetu waliposikia habari ya cherehani walicheka sana, halafu mmoja akauliza kama ya fundi wa sokoni inaweza kuazimwa.

Mwaka 1890 Hurter na Driffield walichapisha matokeo yao, na kuanzia hapo uzito ukawa namba. Negativu inayopitisha sehemu moja tu ya kumi ya mwanga ina uzito wa 1. Ikipitisha sehemu moja ya mia, uzito ni 2. Ikipitisha nusu, ni kama 0.3. Uzuri wa namba hizi ni kwamba zinajumlishwa, kwa hiyo ukungu wa 0.3 unakaa juu ya picha nzima, pembeni na katikati, kama maji yaliyofurika shamba. Penye mwinuko utaona mazao. Bondeni huoni kitu.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote kwa watu hawa ni kwamba hawakujifanya kama ukungu haupo. Walichukua kipande cha kioo cha picha ambacho hakikuona mwanga, wakakisafisha pamoja na vingine kwenye dawa ileile, kwa muda uleule, wakapima uzito wake, wakautoa kwenye hesabu. Kipande kisicho na picha ndicho kilichowaambia ukweli wa vile vyenye picha.

Sasa tuingie Paris, mwaka 1896. Mwanasayansi Henri Becquerel alikuwa anachunguza chumvi za urani zinazong'aa zikipigwa na jua. Alifunga vioo vya picha kwa karatasi nyeusi, akaweka chumvi juu yake, akangoja jua. Mwishoni mwa Februari mawingu yakatanda, jua hakuna, akavifungia vioo kwenye droo pamoja na chumvi yake. Tarehe 1 Machi akaamua kuvisafisha hivyo hivyo. Alitegemea kuona kitu hafifu sana. Akakuta weusi mkali, na umbo la chumvi limejichora. Urani ilikuwa inatoa kitu chenyewe, gizani, bila jua, kinachopenya karatasi. Yaani mionzi tunayoijua leo iligunduliwa kwanza kama ukungu wa filamu. Haikuwa mara ya kwanza kuonekana: mwaka 1857 Mfaransa mwingine, Abel Niépce de Saint-Victor, alikuwa ameona chumvi za urani zikiharibu vioo vyake, akaripoti, na watu wakapita. Kwao ilikuwa kasoro tu. Becquerel aliuliza kasoro hiyo inatoka wapi, na mwaka 1903 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Marie na Pierre Curie.

Kutoka hapo kwenda Katanga ni hatua fupi. Mwaka 1915 madini ya urani yalipatikana Shinkolobwe, karibu na Likasi ya leo, mji ulioitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Union Minière. Mwanzoni kilichotafutwa ni radiamu iliyomo ndani ya mawe hayo, iliyouzwa kwa bei ya ajabu kwa hospitali na kwa watengenezaji wa saa zinazong'aa usiku. Urani yenyewe ilikuwa kama makapi. Halafu vita vya pili vya dunia vikaja. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York, yakawekwa kwenye ghala Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua, na mengine mengi yakafuata kutoka mgodini. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe. Waliochimba ni Wakongo. Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Wachimbaji hawakupewa.

Bomu la kwanza lililipuliwa kwa majaribio jangwani New Mexico tarehe 16 Julai 1945, kwa siri kubwa. Muda si mrefu wateja wa Kodak wakaanza kulalamika: filamu mpya za eksirei, hazijafunguliwa hata kidogo, zinatoka na madoadoa meusi. Kodak walikuwa wameshaonja shida ya namna hiyo wakati wa vita, pale radiamu ya viwanda vya saa na vipimo vya ndege ilipoingia kwenye makaratasi yaliyosagwa upya kutengenezea maboksi. Lakini hii haikuwa radiamu. Mtaalamu wao Julian Webb alifuata madoa nyuma, hatua kwa hatua, kutoka filamu hadi boksi, kutoka boksi hadi karatasi ngumu ya mabua, kutoka karatasi hadi kiwanda kilichoitengeneza, mji wa Vincennes, jimbo la Indiana. Karatasi ilitengenezwa tarehe 6 Agosti 1945. Ni siku ileile ya Hiroshima, imetokea tu hivyo. Kiwanda kilitumia maji ya mto, na vumbi la mlipuko wa New Mexico lilikuwa limebebwa na upepo na mvua zaidi ya kilometa 1,500, mbali kuliko reli ya Kigoma hadi Dar es Salaam. Webb aliitambua hata aina ya atomi: seriamu 141, kitu kinachotokea urani au plutoniamu ikipasuliwa. Siri ambayo majenerali waliificha, boksi la filamu liliisema.

Sisemi kila doa lile lilikuwa la Kongo. Plutoniamu ya bomu hilo ilitengenezwa ndani ya mitambo ya Marekani, na urani iliyolishwa mitambo hiyo ilichanganyika. Ila nikishika roli ya papa naona mzunguko: jiwe linatoka kwetu, linavuka bahari, linapasuliwa, vumbi lake linarudi kama ukungu juu ya filamu ya mtu asiyejua hata Likasi iko upande gani. Na kuna jambo lingine linalonikera. Majaribio ya Nevada yalipoanza mwaka 1951, theluji yenye mionzi ikaanguka hadi Rochester, mji wa Kodak. Kampuni ikalalamika, na serikali ikakubali kuwapa watengenezaji wa filamu taarifa mapema kabla ya milipuko. Filamu zililindwa. Wananchi waliokuwa wanakunywa maziwa ya ng'ombe waliolisha chini ya vumbi hilo hawakuambiwa.

Hapa niwaombe ndugu zetu wa mashirika wanaotuletea filamu wakitoka likizo: tafadhali bebeni mkononi. Mashine za eksirei za mizigo mikubwa uwanjani ndege zina nguvu, nazo zinaweka ukungu kwenye filamu kabla haijafika kambini.

Je, filamu ya zamani inaokoka? Kesi ambayo papa aliipenda ni ya Waswidi watatu, Andrée, Strindberg na Frænkel, waliopaa kwa puto kuelekea Ncha ya Kaskazini Julai 1897. Puto likashuka kwenye barafu, wakatembea miezi, wakafia kisiwa cha Kvitøya. Walipatikana mwaka 1930, na filamu za Strindberg zilikuwepo, miaka 33 ndani ya unyevu na barafu. Zilipelekwa Stockholm kwa John Hertzberg, mwalimu wa upigaji picha. Katika picha zipatazo 240 aliokoa 93. Ukiziona zina madoa, zina mikwaruzo, zina ukungu, na wale watu wamesimama pale pembeni ya puto lao lililoanguka. Papa alisikiliza akasema, "Wao walikuwa na barafu. Sisi tuna bati." Kweli. Baridi inatunza filamu, joto linaipika. Na ukiacha joto, mionzi midogo inayotoka ardhini na angani kila siku inaendelea kugonga zile chembe polepole, hata ndani ya sanduku.

Basi tulifanya kama Hurter na Driffield. Ndani ya mfuko mweusi papa alikata vipande viwili vifupi kwenye roli ya kwanza, sehemu ambayo filamu haikuona mwanga. Kipimo cha uzito hatuna, tukatengeneza. Unachukua karatasi nyeupe, unadondoshea tone la mafuta ya kupikia katikati, unaisimamisha kati ya taa mbili za sola zinazofanana. Mwanga ukiwa sawa pande zote, doa la mafuta linapotea machoni. Taa moja unaifunika kwa kadibodi yenye tundu, na ya pili vilevile. Bila filamu, taa zote zilikuwa sentimita 20 kutoka kwenye karatasi. Ukiweka filamu kwenye tundu moja, unaisogeza mbali taa ya pili mpaka doa lipotee tena, unapima kwa rula. Mwanga unapungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo umbali ukiongezeka mara mbili mwanga umebaki robo.

Kipande cha kwanza tulikisafisha mchana, maji nyuzi 27, dawa ya kawaida. Taa ikaenda hadi sentimita 40. Robo ya mwanga, uzito wa 0.6, na hapo hakuna picha, ni ukungu mtupu. Kipande cha pili tulikisafisha saa kumi na moja alfajiri kwa maji yaliyolala kwenye mtungi wa udongo uliozungushiwa gunia bichi. Nyuzi 20. Muda tuliurefusha kidogo kwa ajili ya ubaridi, na ndani ya dawa papa aliongeza benzotriazoli kidogo sana, unga ambao rafiki mmoja alituletea. Unga huu, kama bromidi ya potasiamu waliyotumia wazee, unazishika zile chembe zisizo na alama ili dawa isizigeuze haraka. Taa ikaishia sentimita 28. Nusu ya mwanga, uzito wa 0.3. Vijana walipiga makofi kwa ajili ya rula, sijawahi kuona.

Kwa nini tusiongeze unga mwingi zaidi ukungu uishe kabisa? Kwa sababu hautofautishi vizuri hivyo. Ukizidisha, unazuia na zile chembe zenye alama hafifu, na hizo ndizo zilizobeba vivuli, nywele, suti nyeusi, na nyuso zetu. Kwenye negativu kitu cheusi ndicho chepesi. Shati jeupe ni jeusi tii, linasimama juu ya ukungu wowote. Uso wa mtu mweusi uko bondeni pamoja na ukungu. Kuna pia dawa ya kupunguza uzito baada ya kusafisha, maarufu kwa jina la Farmer, nayo inakula ukungu kweli lakini inakula na bonde. Tuliiacha.

Kilichotuokoa zaidi kilifanyika mwaka 1996, kabla ya dawa yoyote. Papa alikuwa anapigia picha watu mbele ya pazia jeupe, na pazia jeupe linadanganya mita ya kamera: inadhani mwanga ni mwingi, inafunga, uso unabaki giza. Kwa hiyo kila mteja alimfungulia stopu moja zaidi ya alivyoambiwa na mita. Alifanya hivyo ili nyuso zitoke vizuri kwenye picha za vitambulisho. Ule uzito wa ziada ndio ulioinua nyuso juu ya ukungu wa sanduku miaka yote hii.

Katika picha 36 za roli ya kwanza, tuliona watu kwenye 22. Katika hizo, 9 ndizo unazoweza kumwonyesha mtu ukamwambia huyu ni wewe. Mama mmoja aliyekuja kutazama alitambua gauni kwanza, halafu uso: gauni la dada yake, ambaye hawakuvuka pamoja. Tulimchapishia picha mbili. Alituuliza kama ule weupe kuzunguka kichwa ni moshi, na papa akamweleza, pole pole, kwamba ni joto la sanduku.

Roli ya pili bado. Vipimo vya ya kwanza vimeandikwa kwenye daftari la kituo: maji nyuzi 20, unga kiasi gani, dakika ngapi, taa ilifika wapi. Safari hii papa anataka maji nyuzi 18 na unga pungufu, kwa hiyo tunangoja Juni, usiku ukiwa baridi. Kama ulipigwa picha Uvira kwenye studio yenye pazia jeupe, karibu na soko, mwezi ule wa Oktoba au Septemba yake, au ndugu yako alipigwa, njoo kituo cha vijana siku yoyote ya kazi baada ya saa nane ujiandikishe jina na nguo uliyovaa. Nguo ni muhimu, zinatoka kabla ya sura.